Andika Nimekufa

Matokeo yangu ya kidato cha sita yalipotoka, mama alilia kwa furaha katikati ya mistari ya kahawa, wachumaji wenzake wakimpigia vigelegele. Tulikuwa tukiishi Oldeani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, na mama alikuwa amechuma kahawa humo tangu kabla sijazaliwa. Ada ya chuo hakuwa nayo na hakujifanya anayo. Ulibaki mkopo wa elimu ya juu, ule wa serikali, unaoombwa kwenye mtandao.

Nikashuka Karatu mjini, kwenye duka la fotokopi la mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiwasaidia wanafunzi kujaza maombi. Aliniuliza shule, cheti cha kuzaliwa, picha. Vyote nilikuwa navyo. Kisha akauliza, "Baba yupo?"

"Yupo."

"Anafanya kazi gani?"

"Dereva wa watalii."

Akaacha kuchapa, akanitazama viatu. "Na huyo baba ndiye anayekusomesha?"

"Hajawahi kuninunulia hata daftari."

Mzee akashusha pumzi. "Mwanangu, humu hawaulizi kama anakulea. Wanauliza kama yu hai."

Hilo moja. La pili lilikuwa mdhamini, ambaye alitakiwa awe na kitambulisho cha taifa. Mama hakuwa nacho, na si kwamba hakukitafuta. Alikuwa amekwenda kujiandikisha, mashine ikakataa vidole vyake. Kwa kahawa, jembe na kufua nguo za watu, ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imelika yote. Kijana wa kwenye mashine akamwambia mbele ya foleni, "Mama, wewe huna alama," watu wakacheka. Mama naye alicheka kidogo, kwa aibu, huku akificha mikono ndani ya kanga. Nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Ndugu tuliowaomba waliogopa. Waliambiana kwamba nisipolipa, watanyang'anywa mashamba. Akabaki baba.

Baba alituacha nikiwa darasa la pili, akaoa mjini. Nilimkuta Karatu, pale wanapooshea magari, ametoka kushusha wageni waliokwenda kreta kutazama wanyama, gari lake limejaa vumbi jekundu hadi kwenye paa. Alikuwa amevaa koti zuri la kaki lenye mifuko mingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekua." Akatazama huku na huku kama mtu anayehofia kuonekana. "Mama yako mzima?"

Nikamweleza yote: matokeo, mkopo, kitambulisho. Nikamwambia sihitaji hata shilingi yake, nahitaji sahihi na namba ya kitambulisho, basi.

"Mkopo huo ukishindwa kulipa si watanifuata mimi?"

"Nitalipa mwenyewe, baba. Watakata kwenye mshahara wangu."

"Mshahara upi? Kazi ziko wapi siku hizi?" Akatikisa kichwa. "Mimi nina watoto wanaosoma, binti yangu. Siwezi kujiingiza kwenye mambo ya serikali."

Nina watoto wanaosoma. Alinitamkia mimi maneno hayo, machoni. Nadhani hata hakujisikia.

Kisha akanisogelea, akapunguza sauti kama anayenifanyia hisani. "Sikia. Andika nimekufa. Yatima wanapewa haraka. Cheti cha kifo kinapatikana, kuna mtu namfahamu. Wenzako wengi wanafanya hivyo. Mimi sitakasirika."

Yeye hatakasirika! Niliondoka bila kuaga. Nilipanda hadi Oldeani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu nilijua nikikaa mahali nitapasuka. Nilimtukana kila kona ya ile barabara mbovu, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, matusi ambayo sikujua kuwa nayajua.

Mama alikuwa anachagua mahindi ya makande. Nilimsimulia nikiwa nimesimama. Nilitegemea alie, au aniambie nikubali tu, shida ni shida. Aliendelea kuchagua hadi nilipomaliza.

"Mimi sijafiwa," alisema. "Siku akifa nitakwenda kumzika kama watu wengine. Leo yuko hai, na ana aibu yake, aibebe mwenyewe. Hutamwandika popote kwamba amekufa."

"Sasa tutafanyaje?"

Asubuhi yake hakwenda shambani. Mwanamke mmoja wa jirani alimwambia kwamba ngozi ya vidole hurudi ikipumzishwa, basi akaipumzisha. Ulikuwa msimu wa mavuno, wakati ambao mchumaji hupata pesa ya mwaka mzima, na yeye alikaa nyumbani akiloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu na kuipaka mafuta ya mgando kama mikono ya mtoto mchanga. Sikumruhusu ashike jembe, sufuria wala ndoo. Mimi nilikwenda kuchuma badala yake. Msimamizi alikuja hadi nyumbani kutuambia tusidhani nafasi yake itamsubiri, nami nikamjibu vibaya, mama akaniomba ninyamaze.

Tulirudi kwenye mashine siku za maombi zikiwa zinaelekea kwisha. Yule kijana alimshika kidole, akabonyeza, akabonyeza tena. Kimoja kikakubali. Kisha kingine. Mama akanigeukia, safari hii hakuficha mikono.

Namba ya kitambulisho ilipotoka, mdhamini wangu akawa yeye. Palipouliza habari za baba niliandika ukweli: yu hai, dereva wa watalii. Nilipata mkopo, lakini nusu tu. Nusu nyingine mama aliipata kwa kufua na kulima vibarua, kwa sababu shambani kweli hawakumrudisha.

Siku ya kuondoka baba akaja. Sijui nani alimwambia. Alikuja na lile gari, limeoshwa, akasema atanifikisha Arusha. Sikutaka, lakini mama alikwishapakia sanduku langu la bati. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa kama mgeni wa kulipiwa. Tukashuka Manyara, tukapita Mto wa Mbu. Makuyuni askari wa barabarani akatusimamisha, na baba akachomoza kichwa dirishani akiwa na tabasamu la meno yote.

"Huyu binti yangu, afande. Nampeleka chuo kikuu. Kusomesha ni kazi, lakini tunapambana."

"Hongera sana mzee," askari akasema.

Nilifungua mlango. Nikaburuta sanduku hadi likaanguka chini kwa kishindo, askari akaruka pembeni. Baba akaniita kwa jina, la kwanza na la pili. Nilimwambia arudi kwake, mimi nitapanda Noah ya abiria. Nikasimama pale kwenye njia panda hadi Noah ikapita na kunichukua.

Nilisoma, nikamaliza, sasa nafundisha. Mkopo wanakata kila mwezi na sinung'uniki. Nikiwa Karatu hukutana na baba mara mojamoja. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, napita. Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe. Nawaambia sijafika huko.