Dume wa Nyama Laini

Mimi nauza nyama Kitai, kando ya barabara ya Songea, na mteja hanitishi. Lakini kuna maneno yaliyokuwa yananikera kuliko kukatiwa umeme: "Dada, jana ulitupimia nyama au ulitupimia raba?" Wananicheka, wananunua, kesho wanarudi kulalamika tena. Nyama yetu ni ngumu kwa sababu tunachinja ng'ombe waliokwisha kuchoka na maisha, hilo silikatai. Ila nilijua pia kwamba wako ng'ombe ambao ulaini wa nyama ni wa kuzaliwa nao. Ndiyo maana nilimganda mtaalamu wa mifugo mpaka akakubali kumpima dume wangu vinasaba.

Dume mwenyewe nilimfuga nyumbani Matiri, kwenye zizi la baba, nyuma ya shamba la kahawa. Alizaliwa na ng'ombe wa baba, mimi nikamlea. Na kipimo chenyewe usidhani ni mambo ya ajabu: zinang'olewa nywele za mkia pamoja na mizizi yake, zinatiwa kwenye bahasha, zinapelekwa maabara. Mtaalamu alipong'oa, dume akarusha teke, na bwana yule akakaa kwenye samadi na shati lake jeupe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukasubiri, tukasubiri we, hadi mtaalamu akawa anaogopa kupokea simu yangu.

Majibu yakaja: dume wangu amerithi ulaini kwa baba yake na kwa mama yake pia, kwa hiyo kila ndama wake lazima apate fungu la ulaini huo. Jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu buchani. Siku ya sala ya jumuiya nikawatangazia wote.

Hapo moto ukawaka. Baba na mama walikuwa wanakaribia jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, na mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa baba mdogo. Akasimama palepale. "Mungu ni mwema! Tunahangaika kutafuta ng'ombe wa sherehe, kumbe maabara wameshatuchagulia."

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, ingawa nilishamwamkia, maana nilihitaji kumeza hasira kwanza. "Huyu hakupimwa ili aliwe. Amepimwa ili azae."

"Nyama laini ya kutazama?" Watu wakaangua kicheko. Kwetu ng'ombe akishasifiwa nyama, kinachofuata ni kisu. Na kila mtu alijua baba hana meno. Kwenye sherehe huambulia mchuzi, siku nyingine huponea samaki wa Mbamba Bay. Baba mdogo akamalizia, "Utamnyima baba yako kipande cha nyama kwenye jubilei yake, tena ng'ombe wa zizi lake?"

Iliniuma, sikufichi. Nikaenda kwa baba mwenyewe, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa lake. Akisema achinjwe, atachinjwa. Nilimkuta anachambua kahawa, na sikuzunguka mbuyu.

"Baba, ukimla huyu, utamla siku moja tu. Ukimwacha, Kitai nzima itakula, na wajukuu zako watakula."

"Na mimi je?" akauliza. "Hao ndama watafaa kuliwa lini?"

"Wazaliwe kwanza, wakue. Miaka mitatu hivi. Labda minne."

Mikono yake ikaendelea na kahawa. Nampenda baba yangu, na pale nilikuwa namwomba miaka ambayo hana hakika nayo.

Siku ya jubilei alichinjwa ng'ombe mzee. Baba ndiye aliyeagiza, na baba mdogo akafyata mkia. Misa ikaisha, chakula kikaja, na baba akamsogezea mama vipande vyake vyote vya nyama, kisha akachovya ugali kwenye mchuzi. Nilipoinama kumnawisha mikono, akanishika.

"Ulisema miaka minne."

"Ndiyo, baba."

"Mtamba wa jirani analia tangu asubuhi, anataka dume. Sasa wewe hapa unangoja nini?"

Nikaiacha sahani yangu palepale, nikavua viatu vya sherehe, nikaenda kumfungua dume.