Mikono ya Trekta

Fundi wa kuchomelea pale Kitale hagusi futi. Hupima kwa shibiri, midomo ikihesabu, na chuma akishakikata hukipuliza utadhani uji wa mtoto. Nyaruai, mjane, alimpelekea trekta lake kuukuu pamoja na mashine ya kupandia mahindi, aliyoiazima kwa diwani kwa siku mbili. Mashine ilikuwa ya matrekta mapya, ikakataa kushika kwenye trekta hilo, naye akamwachia fundi aviunganishe. Aliporudi alikuta fundi ameshaikata mikono ya nyuma ya trekta.

“Wewe! Diwani akichukua mashine yake, plau yangu nitaifunga wapi?”

“Kwani ulitaka nikate mashine ya diwani, mama? Hiyo ina mwenyewe, bana.”

“Na trekta je?”

Fundi akainua macho, akashangaa kweli. “Si ni yako tu.”