Upepo wa Kumtosha Mama

Mama yangu aliteremka garini katikati ya pori, kabla hatujafika hata nusu ya njia ya Kiomboi, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Niligeuza gari nikamfuata kwa gia ya kwanza, nikimbembeleza kupitia dirishani. Hakunitazama.

"Mwanangu," alisema huku akitembea, "mimi ni mgonjwa wa macho, si mtama wa kupepetwa."

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mama alikuwa amehamishiwa kijiji kipya upande wa Nduguti, nami nilikuwa bibi maendeleo Kiomboi, nikiendesha gari dogo la mviringo, injini yake nyuma. Mama alikuwa anaumwa vikope. Kope zilikuwa zimegeukia ndani na kukwaruza jicho kila alipopepesa. Alikuwa akizing'oa kwa kibano, nazo zikaota upya, ngumu kuliko za kwanza. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. Kuhusu la kulia, hospitali waliniambia waziwazi: aletwe apasuliwe ukope, la sivyo atakuwa kipofu. Basi la abiria lilipita siku lilipotaka, na vumbi lake ndilo lingemmaliza. Ilibaki gari langu, nalo ndilo hilo alilolikimbia.

Tatizo lilikuwa matairi. Dereva mmoja wa lori, mtu niliyemheshimu, alinifundisha kwamba tairi zuri ni lile ambalo ukilipiga teke mguu unauma. Nikajaza upepo mpaka geji ikasoma arobaini. Kwa lori lenye magunia ya alizeti sina ubishi naye. Lakini gari langu, kwenye barabara ile ya vijituta vilivyobanana, lilikuwa linaruka kama mbuzi. Kila tuta mama alifumba macho kwa nguvu, na kila alipofumba kope zilimchoma.

Mama alitembea mpaka kwake, nami nikarudi Kiomboi peke yangu, nimekasirika njia nzima. Nilimkasirikia mama kwanza, kisha dereva, kisha gari. Ubishi wangu nimeurithi kwa mama, mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo sikukubali kwamba mambo yameishia pale.

Nimekulia kwenye kuchunga. Aliyechunga anamjua mnyama kwa anavyokanyaga: huyu amechoka, yule ana kwato mbovu. Nikajiuliza, gari langu linakanyagaje? Asubuhi moja pale nyumbani kwangu Kiomboi nilichota majivu jikoni, nikayakoroga na maji kidogo, nikayapaka kwenye uso wa matairi, upana wote. Yalipokauka nikasogeza gari hatua chache, nikashuka kutazama. Majivu yalikuwa yamefutika katikati tu. Pembeni yalibaki vilevile nilivyoyapaka. Gari lilikuwa linatembelea tumbo la tairi, na pembe zake hazigusi ardhi kabisa.

Nikapunguza upepo, nikapaka tena, nikasogeza tena. Jirani alisimama uani kwake akinitazama.

"Bibi maendeleo, hata gari nalo unalifanyia tambiko?"

"Naam. Likikubali nitakuletea nyama."

Nilipunguza mno, pembeni pakafutika na katikati pakabaki peupe, nikalazimika kurudisha kwa pampu ya mguu mpaka jasho likanitoka. Mwishowe majivu yalifutika upana wote, sawasawa. Nikaweka geji. Mbele kumi na nane, nyuma ishirini na sita, kwa sababu nyuma ndiko kwenye uzito wa injini. Dereva wa lori aliposikia kumi na nane alicheka mpaka akashika kiuno. Nilimwacha acheke.

Mchana, baada ya kuzunguka kazini, nilipima tena nikakuta nyuma imefika thelathini. Nilitaka kupunguza, kisha nikafikiri: hilo ni joto la jua na barabara, nikipunguza sasa, kesho kukipoa nitakuta pungufu. Niliacha. Asubuhi yake ilikuwa ishirini na sita. Tangu hapo nikawa napima alfajiri tu, gari likiwa halijatembea. Tairi likinipungukia kila mara, natia mate kwenye tundu la kujazia; yakitoa povu, najua linavujia hapo.

Nilirudi kijijini nikiwa nimeongeza kidogo nyuma kwa ajili ya mama na debe la karanga ambalo nilijua hawezi kusafiri bila hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na hilo dude lako umekuja nalo?"

Nilimwomba nimzungushe kijijini tu, akiumia nimshushe mlangoni kwake. Alipanda akinung'unika. Tulipita mistari ya nyumba mpya, tukatoka mpaka mashamba ya mtama, juu ya vijituta vilevile. Nilimwangalia kwa pembeni. Hakufumba macho.

"Nigeuze?" nikamuuliza.

"Ugeuze uende wapi? Si ulisema Kiomboi? Rudi tuchukue karanga zangu, twende."

Njiani alisinzia. Sijawahi kuendesha gari kwa raha kama siku ile, na mtu angenisimamisha kuniuliza habari za matairi ningemhutubia mpaka jioni.

Walimpasua ukope. Nilikuwepo walipomfungua bandeji. Alikaa kitandani akipepesa polepole, akisubiri maumivu ambayo hayakuja. Halafu akanitazama. Kwa miaka mingi alikuwa akinitambua kwa sauti na kwa mwendo, akiwa amekunja uso. Sasa aliuacha uso wazi, akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani kwenye mwanga.

"Una mvi," alisema.

"Zimenianza zamani, mama."

"Hukuniambia."

Nikalia. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, kisha akaanza kunitazama sikio, shingo na mikono, bila haraka.