Tumbo la Mwalimu wa Udereva

Mwalimu wa udereva alikuwa na tumbo lililomsumbua miaka nenda miaka rudi, likimkoroga bila hata kubisha hodi. Ndiyo maana kila njia aliyofundishia ilipita penye choo, na kila aliposhuka alisingizia kwenda kununua maji. Siku moja, kwenye foleni, jasho jembamba lilimtoka. Kudanganya kukamshinda.

"Mama, tumbo limenishika. Egesha pale!" alimwambia mwanafunzi wake, mama mtu mzima aliyeogopa kuegesha kuliko kuumwa na nyoka.

"Hapatoshi, mwalimu!"

"Patatosha!"

Mama akauma meno, akarudi nyuma, gari likatulia katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa kando ya barabara, bila kugusa hata moja. Mwalimu akatoka mbio. Aliporudi, mwepesi na uso mkunjufu, alimkuta bado ameng'ang'ania usukani, anacheka mpaka machozi.

"Pole, mwalimu. Sasa nitoe, niegeshe tena?"