Asiyetazama Uso

Mteja akimpa simu, mama mpelelezi wa Bunia hatazami uso. Huikuza picha kwa vidole viwili na kuchungulia nyuma ya mabega, akiguna kama anayechagua nyanya sokoni. Leo Mama Rébecca amemletea picha ya mchumba wa binti yake, anayedai yuko Aru kikazi. Mpelelezi aliona shati tu. Akafungua Facebook ya msichana wa Nyankunde anayeweka moyo chini ya kila picha ya kijana huyo: dada, shangazi, wajomba, wote wamevaa kitenge kilekile cha shati, na juu ya picha imeandikwa tarehe ya ndoa.

“Mama, hii iko kikwembe ya jamaa ya bibi arusi. Ndoa yake na huyu binti iko Jumamosi.”

Mama Rébecca hakulia. Alisogeza kiti karibu.

“Hii kikwembe, banauzishaka fasi gani, soko gani? Jumamosi na mimi nitaivaa.”