Kutoka Mtendeni hadi Ujiji kwa Picha Moja

Safari yangu ilitokana na mama mmoja mwenye msimamo. Bi Nyamizi, jirani yangu hapa Mtendeni, alikwisha kutuma wazee mara moja kumposea mwanawe Shabani binti mwingine, na barua ya posa ikarudi haijafunguliwa. Mtaa mzima ulijua. Basi Shabani, karani wa stesheni, alipomweleza kwamba sasa moyo wake uko Ujiji, kwa muuguzi Zuhura aliyesomea kazi hapa Tabora, mama akamkatia: "Siwatumi tena wazee wangu kwenda kuaibika. Nionyeshe kwanza kwamba binti mwenyewe anakutaka."

"Nikuonyesheje, mama?"

"Hilo shauri lako."

Shabani akaja kwangu, maana mpiga picha wa mtaa ni mimi. Alitaka kumuuliza Zuhura ghafla, kando ya ziwa, nami niupige uso wake kabla hajapata nafasi ya kuupanga. Picha hiyo ndiyo angemletea mama. Bila hiyo, hakuna wazee, hakuna ndoa. Nilikubali haraka mno. Ufundi ninao, sijivuni bure, lakini miaka yote nilikuwa nikipiga watu waliokaa kitini mbele ya pazia, wakisubiri niwaamrishe. Mtu asiyejua kwamba anapigwa sikuwahi kumpiga. Isitoshe, filamu zilikuwa zimeadimika madukani, na ndani ya kamera yangu zilibaki picha mbili tu.

Alhamisi jioni tulipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu. Behewa lilikuwa na watu wa Usoke na mizigo yao, na vijana waliokuwa wakienda kuanzisha kijiji cha ujamaa, majembe mapya miguuni, wakiimba bila kuchoka. Reli hii inafuata njia ya wapagazi wa zamani. Babu yangu aliipita kwa miguu, mzigo begani, wiki baada ya wiki hadi ziwani, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikalalamikia mgongo kabla hatujafika Kaliua. Niliona haya, nikanyamaza.

Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza. Tulinunua chumvi ya kuwapelekea wenyeji wetu. Macho ya Shabani yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Akikataa je, Kaka Idi?"

"Basi nitakuwa nimeliona ziwa," nikamtania. Hakucheka, na mimi nikajuta.

Ujiji tulipokewa na shangazi yangu, Bi Tatu, kwa samaki wa kukaanga na ugali wa muhogo. Tulipokwisha kunawa akaliangalia begi langu.

"Hiyo kamera usiizungushe karibu na bandari, utaulizwa maswali. Nitamwambia balozi wa nyumba kumi kwamba mmekuja kuposa."

"Bado hatujaposa, shangazi. Kijana anataka kwanza kumuuliza mwenyewe, nami nipige picha."

"Watu wa Tabora mmeanza kuposa kwa mashine?" akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Jumamosi asubuhi tulishuka ufukweni. Mimi mtoto wa nchi ya miombo. Maji mengi niliyoyajua ni ya bwawa. Haya yalikuwa ya buluu, yametulia, na mbali ng'ambo milima ya Kongo ilionekana kwa shida. Nilisimama nikasahau kilichonileta. Ningekuwa babu yangu, ningeutua mzigo pale na kulia.

Zuhura alizoea kupita pale kununua dagaa kabla ya zamu. Nilijificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Tulikubaliana kwamba Shabani akivua kofia, ndipo anapouliza.

Akaja, gauni jeupe la kazi, khanga mabegani, kikapu mkononi. Alimwona Shabani akashangaa, wakasalimiana, wakazungumza kidogo. Shabani akavua kofia. Niliuona uso wa Zuhura ukifunguka taratibu, na picha niliyoifuata ilikuwa hiyo hapo. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Kinywa changu chenyewe kikapaza sauti: "Tulieni hapo! Tazameni kamera!"

Wote wawili wakageuka. Kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza, nikapiga mawingu.

"Shikamoo," akasema Zuhura.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia, magoti yangu yakiwa juu ya dagaa walioanikwa mchangani.

Akamgeukia Shabani. "Huyu ni nani?"

Shabani akamwambia yote: barua iliyorudishwa, sharti la mama, picha. Mimi nilitamani ziwa linimeze. Zuhura alisikiliza akitazama kikapu chake. Kisha akaniinulia mkono.

"Subiri, baba. Mwenzio sijamjibu."

Akamwambia Shabani polepole: "Nyumbani kwetu kuna wazee. Walete wa kwenu."

Binti aliyelelewa vizuri hasemi zaidi ya hapo, na Shabani alilijua hilo. Alibaki na kofia mkononi.

"Sasa utapigwa picha kichwa wazi?" Zuhura akamuuliza. Akaichukua ile kofia, akaikung'uta mchanga, akamvisha, akawa anaiweka sawa kwa vidole viwili. Walikuwa wanangoja niwaamrishe watulie. Nilijiuma ulimi, nikabonyeza.

Jumatatu, tukiwa tumerudi Tabora, niliisafisha filamu ile, nikampelekea Bi Nyamizi picha bado ina unyevu. Akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Binti mwenyewe hatazami kamera."

"Hapana, mama," nikamjibu.

"Wala hacheki."

"Hapana."

Shabani alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akaweka kidole juu ya mkono wa Zuhura, pale kwenye kofia, akakiacha hapo.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia marehemu baba yako kila Ijumaa," akasema. "Nenda kamwite baba yako mdogo. Mwambie aje na karatasi ya barua."

Tangu hapo wateja wangu hunung'unika kwamba nawapiga kabla hawajajiandaa. "Tulieni" bado nasema, ila nasema nikishabonyeza.