Nilinyamaza Mtoto Akipigwa kwa Kosa Langu

Admin, nifichie jina, hata mkoa wangu usiutaje. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mtanzania, nafanya kazi za ndani hapa Doha, upande wa Umm Salal. Namlea binti wa bosi wangu, Madam, tangu hajaota meno. Sasa ana miaka tisa, Kiswahili anakizungumza vizuri, na mimi ananiita Dada.

Mtoto anajifunza ule mchezo wa kuteleza na kuruka kwenye barafu. Kocha wake ni mama wa Kirusi. Zamani alikuwa akishindana huko kwao na medali anazo, mpaka nyonga ilipovunjika akageukia kufundisha. Madam anamwamini kuliko anavyomwamini daktari. Kazi yangu ni kumfunga mtoto kamba za viatu, na kila akitoka kwenye barafu navivalisha vyuma vya viatu vifuniko vya plastiki, maana chuma kikikanyaga vigae kinapoteza makali.

Wiki iliyopita alitoka kwenda chooni. Mimi nilikuwa kwenye simu na mama yangu, nacheka kama mjinga, vifuniko ninavyo mkononi. Akaenda na kurudi juu ya vigae. Alipojaribu kuruka, chuma hakikushika, akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka.

Kocha hakumwinua. Alikipima kile chuma kwa ukucha, akauliza nani katembea bila vifuniko. Jamani, mdomo wangu uligoma. Mtoto akasema, "Ni mimi."

Saa yetu ya mazoezi tunakuwa peke yetu. Yule mama akaninyang'anya vifuniko, akampiga navyo mapajani, mgongoni, shingoni. Mtoto alipojikinga kwa mkono, akampiga vidoleni, nikasikia kimoja kikivunjika, ka! Bado akamkamata nywele, akambamiza kwenye ukuta wa uwanja. Damu ikadondoka kwenye barafu. Na mimi nimesimama. Mimi ninayegombana na wauza nyanya, nimesimama tu!

Kisha kocha akanionyesha vidole vyake mwenyewe, viwili vimepinda. Akasema, "Mwalimu wangu alinivunja hivi nikiwa na miaka kumi. Nikawa bingwa. Mwambie Madam ameanguka, na mimi sitamwambia habari ya simu yako."

Kumbe aliniona tangu mwanzo. Alijua kosa ni la nani, na bado akampiga mtoto.

Nyumbani Madam aliniuliza, "Ameanguka, wallah?" Nikajibu, "Ndiyo, Madam, ameanguka." Nilipokuwa namwogesha mtoto nikamuuliza kwa nini alijisingizia. Akasema, "Dada, Mama angekurudisha kwenu. Mimi kidole kitapona."

Tangu siku hiyo najichukia. Nikisema ukweli nafukuzwa, na wanangu wawili wanasoma kwa jasho hili. Tena huyu mtoto nitamwachia nani? Nikinyamaza, yule kocha siku moja atamuua. Madam anasema kidole si mguu, kwa hiyo kesho alasiri mtoto anarudi mazoezini na bandeji yake. Sasa hivi ameniletea viatu nivifute, na vifuniko ameshavivalisha mwenyewe, ili nisisahau.

Mnaosoma hapa, nitukaneni kwanza, nastahili. Halafu mniambie: niingie kwa Madam sasa hivi nikaseme, au kesho nimfunge tena zile kamba?